Shimo ni deni: Ardhi iliyochimbwa kando ya mto na haki ya malisho

MJI wetu wa Mlowo hauachi kukua. Barabara kuu iendayo Zambia inapita katikati yake, reli ya TAZARA iko jirani, na mahindi, maharage na kahawa ya Mbozi hupakiwa hapa kwenda mbali. Kila nyumba inayoinuliwa, kila msikiti unaopanuliwa na kila darasa la madrasa linaloongezwa, vyote vimetoka ardhini. Mchanga umechotwa kijitoni, kokoto zimepondwa kutoka katika miamba, na tofali la kuchoma limetoka kwenye udongo wa bondeni. Hiyo ni neema, na hatuna sababu ya kuikataa. Lakini pale neema ilipotoka pamebaki shimo. Swali tunaloliuliza wiki hii ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: shimo hilo ni la nani?

Swali hili si la Mlowo peke yake. Mkoa wetu wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umekaa juu ya madini ya aina nyingi. Kaskazini, katika Wilaya ya Songwe, kuna eneo la dhahabu la Lupa, ambalo liliwavuta wachimbaji wengi tangu miaka ya 1920 na 1930, na ambalo leo lina mgodi mkubwa wa New Luika pamoja na maduara mengi ya wachimbaji wadogo. Kusini, upande wa Ileje, kuna makaa ya mawe. Na kila penye mji unaokua, kuna wachimbaji wa mchanga na wafyatuaji wa matofali ambao hakuna anayewaita wachimbaji wa madini, ingawa mashimo yao ndiyo yaliyo karibu zaidi na milango yetu.

Maji hutuunganisha sote. Sehemu kubwa ya maji ya nyanda hizi huteremka kuelekea Ziwa Rukwa, na ziwa hilo lina sifa moja inayopasa kutuogopesha: hakuna mto unaotoka humo kwenda baharini. Maji huingia, kisha hupaa kwa jua. Tope na sumu iliyoingia pamoja nayo hubaki. Kwa hiyo anayechafua kijito huku juu asidhani kwamba uchafu wake umekwenda zake. Umekwenda kukaa, pamoja na samaki, viboko, mamba, ndege wa maji, na watu wanaovua na kulisha mifugo kandokando ya ziwa.

Madhara tunayoyaona na tusiyoyaona

Shimo lililoachwa wazi kando ya mto halikai kimya. Masika yanapoanza hujaa maji, na watoto huliona kama bwawa la kuogelea. Ng'ombe hufuata majani yaliyoota ukingoni, udongo ukakatika chini ya kwato zake. Maji yaliyotuama huzalisha mbu na konokono wanaobeba kichocho. Mto nao, ukiwa umeondolewa mchanga na nyasi zilizoushika, hula kingo zake mwenyewe. Shamba la jirani linaanza kumegeka, na daraja linaanza kuning'inia.

Penye dhahabu kuna jambo la ziada. Zebaki inayotumika kushika chembe za dhahabu haiozi. Huingia katika tope la mto, hubadilishwa na vijidudu kuwa sumu kali zaidi, huingia kwa samaki, na kutoka kwa samaki huingia kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Dunia ilijifunza hilo kwa uchungu katika mji wa Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa uliotokana na zebaki iliyomwagwa na kiwanda ulitambuliwa mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013, ulipewa jina la mji huo ili msiba wake usisahaulike.

Deni hulipwa kabla ya mirathi

Kila familia ya Kiislamu inajua kwamba maiti akishazikwa, warithi hawagawani hata kijiko kabla madeni yake hayajalipwa. Hatuoni aibu kuuliza makaburini: yupo anayemdai marehemu? Basi tuliangalie shimo kwa jicho hilohilo. Mtu amechukua udongo, mchanga au dhahabu, akauza, akagawana faida na wenzake, kisha akaondoka. Kilichobaki ni sehemu ya gharama ambayo hakuilipa. Anayeilipa ni mjane ambaye mbuzi wake amevunjika mguu, au mzazi aliyemzika mwanawe aliyezama.

Fiqhi yetu haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Msingi unaojulikana na kila mwanafunzi wa madrasa ni kwamba mtu hana ruhusa ya kudhuru wala kulipiza madhara kwa madhara. Wanazuoni wakazungumzia pia harimu, yaani eneo la pembezoni mwa kisima, chemchemi au mto ambalo mtu binafsi halimiliki, kwa sababu chanzo cha maji hakiwezi kuwa salama bila eneo hilo. Na kuhusu ardhi iliyokufa, Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba anayeihuisha ana haki juu yake. Sayyidna Umar (r.a.) naye akaweka mpaka: aliyezungushia ardhi alama kisha akaiacha miaka mitatu bila kuifanyia kazi, haki yake imekwisha.

Tuyasome mafundisho haya pamoja. Haki juu ya ardhi katika dini yetu inakwenda na uhai wa ardhi hiyo. Anayeihuisha anapata haki. Anayeitelekeza anaipoteza. Basi vipi kuhusu yule aliyeikuta hai akaiacha imekufa?

Je, ardhi iliyochimbwa hufufuka?

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mawaidha mazuri, lakini mwamba uliochimbwa hauoti kitu. Jibu tunalipata Afrika Mashariki hii hii, ingawa itatubidi tusafiri hadi pwani, Bamburi, kaskazini mwa Mombasa.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954. Kwa miaka mingi kilichimba mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale, kikaacha bonde la mwamba mweupe lisilo na udongo. Jua liliuchoma, na maji yaliyokuwa chini yake yalikuwa na chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni hiyo, alianza kujaribu kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu, na iliyofanya vizuri kuliko zote ni mvinje, mti ambao watu wa pwani wanaujua kwa sababu huota mchangani ambapo mingine hushindwa.

Mvinje una siri mizizini. Katika vinundu vya mizizi yake wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kuifanya mbolea. Kwa hiyo uliweza kuishi pale ambapo hapakuwa na rutuba. Lakini tatizo jingine likazuka. Majani yake membamba yalianguka, yakarundikana, na hayakuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Msaada ukaja kutoka kwa kiumbe ambaye wengi wetu humkanyaga bila kufikiri. Haller alimwona jongoo mwenye miguu myekundu akiyala majani hayo. Majongoo wakakusanywa kwa mamia na kuachiwa chini ya miti. Walikula, wakatoa kinyesi, bakteria wakaendeleza kazi, na juu ya mwamba ukaanza kujengeka udongo mweusi.

Udongo ulipopatikana, miti mingine ilipandwa na mingine ikajiotea. Ndege walileta mbegu. Mabwawa yakachimbwa, samaki wakafugwa. Wakaja viboko, twiga, nyati, pofu na choroa. Mwaka 1984 eneo hilo lilifunguliwa kwa watu kulitembelea, na mwaka 1987 Haller alitunukiwa heshima ya Umoja wa Mataifa kwa kazi ya mazingira. Leo eneo hilo linaitwa Haller Park. Watoto wengi duniani wamelisikia kwa sababu ya mtoto wa kiboko aliyeitwa Owen, wa kundi lililosombwa na Mto Sabaki hadi baharini. Aliokolewa Malindi mwishoni mwa mwaka 2004 na kupelekwa huko, akashikamana na kobe mzee kana kwamba ni mama yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mahali hapo hapakuwa na kivuli cha kumhifadhi hata panzi.

Hatusemi twende tukapande mvinje Mbozi. Huo ni mti wa joto la pwani, nasi tuko nyanda za juu. Wala hatusemi kila shimo litageuka bustani ya viboko. Isitoshe, mwamba wa chokaa ulikuwa fukara lakini haukuwa na sumu, ilhali marudio ya dhahabu yanaweza kuwa na zebaki, sianidi au madini mengine yenye madhara. Funzo la Bamburi ni utaratibu wake: anza na mmea unaostahimili umaskini wa ardhi, jenga udongo kwanza, mpe kila kiumbe nafasi ya kazi yake, na usiwaingize wanyama wakubwa kabla ardhi haijawa tayari kuwabeba. Na funzo kubwa kuliko yote ni kwamba kazi hiyo ilichukua miaka, wala hakuna aliyeimaliza kwa siku moja ya kupanda miti na kupiga picha.

Hatua za kuihuisha

Urejeshaji wa ardhi huanza kabla ya sururu ya kwanza. Udongo wa juu, ule mweusi wa kiasi cha kina cha jembe, ndio wenye mbegu, vijidudu na rutuba. Mchimbaji mwenye busara huuondoa kwanza na kuuweka kando, mbali na njia ya maji, katika malundo ya chini yasiyoshindiliwa, na asiukalishe muda mrefu, kwani uhai wake hufifia. Anayeuchanganya na kifusi amechoma akiba ambayo fedha hainunui kirahisi.

Pili, shimo lifukiwe kwa kifusi chake, na pale lisipojaa, kuta zake zilazwe ziwe mteremko ambao ng'ombe anaweza kupanda na kushuka bila kuanguka. Shimo ambalo haliwezi kufukiwa linaweza kuwa lambo la kunyweshea mifugo, ikiwa maji yake yamepimwa na kuonekana salama, na ikiwa lina upande mmoja wa mteremko na ua kwenye pande nyingine.

Tatu, maji yapunguzwe kasi. Makinga maji yanayofuata kontua, mistari ya mawe, na nyasi zenye mizizi mirefu kama vetiva huzuia udongo mpya usirudi mtoni. Ukingoni kabisa pa mto, miti ya asili kama mikuyu ndiyo walinzi waliozoea kazi. Milingoti, ambayo wengi tunaipenda kwa nguzo na mbao, ibaki mbali na chemchemi, kwa kuwa kiu yake ni kubwa.

Nne, yafuate malisho. Jamii ya mikunde na lukina hurutubisha udongo kama mvinje ulivyofanya Bamburi, na mabingobingo hutoa majani mengi. Misimu ya kwanza majani yakatwe na kupelekwa zizini, mifugo isiingizwe. Kwato za ng'ombe mmoja katika udongo mchanga zinaweza kuharibu kazi ya mwaka mzima. Mizizi ikishashika, mifugo iingie kwa zamu, sehemu moja ikiliwa na nyingine ikipumzika.

Na penye marudio ya dhahabu kuna hatua inayozitangulia zote: kupima. Majani yanaweza kuota mazuri na ya kijani juu ya udongo wenye sumu, ng'ombe akala, mtoto akanywa maziwa. Ardhi ambayo haijapimwa na wataalamu isiitwe malisho hata ikipendeza machoni.

Malisho yatakuwa ya nani?

Hapa ndipo penye ugumu kuliko kupanda nyasi. Ardhi ikishahuika, kila mtu huikumbuka. Mwenye ng'ombe mia tatu ataileta mifugo yake siku ya kwanza, na mwenye mbuzi watatu atafika majani yakiwa yamekwisha. Wafugaji na wakulima wa nchi hii wamegombana, na hata kuuana, kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Historia yetu ina mfano. Mtume (s.a.w.) alitenga Naqii, karibu na Madina, iwe hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Umar (r.a.) alipotenga hima wakati wa ukhalifa wake, alimweka mtumishi wake aliyeitwa Hunayy aisimamie. Alimwagiza awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Tuzingatie ni nani hao. Ni maswahaba wakubwa, miongoni mwa waliobashiriwa pepo. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya uchumi na ya huruma kwa pamoja: tajiri mifugo yake ikifa atarejea kwenye mitende na mashamba yake, lakini maskini wake wakifa atakuja na watoto wake kuomba, na kumpa maji na majani ni rahisi kuliko kumpa dhahabu na fedha.

Tusidhani kwamba mambo hayo ni ya Arabuni tu. Wasukuma, ambao wengi wao leo ni wafugaji wenzetu katika mkoa huu, wana desturi ya ngitili: eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika na kufunguliwa kiangazi majani yanapokuwa haba. Shinyanga ilipokuwa imekauka kwa ukataji miti na wingi wa mifugo, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulijengwa juu ya desturi hiyo. Wakati ule zilikuwa zimebaki ngitili zenye ukubwa wa hekta 600 hivi. Kufikia mapema miaka ya 2000, zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Miti ilirudi, na pamoja nayo ndege na wanyama wadogo ambao wazee walidhani wametoweka. Kilichofanikisha ni kwamba kila ngitili ilikuwa na wenyewe, na kila ngitili ilikuwa na sheria ndogo zinazojulikana na wote.

Hivyo basi wazo la kutenga shimo lililofukiwa, kulipumzisha, na kulifungua kwa utaratibu unaomtanguliza mnyonge si jambo geni kwetu. Mfugaji Msukuma ana jina lake, na Mwislamu ana jina lake.

Sheria ipo

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zenye kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Migodi mikubwa inatakiwa na sheria kuweka dhamana ya fedha kwa ajili ya kurejesha mazingira, ili kampuni ikiondoka au ikifilisika, fedha za kufukia ziwepo. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka usimamizi wa ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji, chini ya jicho la mkutano mkuu wa kijiji.

Pengo liko kwa mchimbaji mdogo, hasa wa mchanga na udongo. Hana dhamana aliyoweka popote. Yeye mwenyewe mara nyingi ni maskini, anachimba leo ili watoto wale leo. Kumfukuza bila mbadala ni kuhamishia shimo kijiji cha pili. Lakini kijiji kinaweza kukubaliana katika mkutano wake kwamba uchimbaji uende kwa vipande: kipande cha pili kisifunguliwe kabla cha kwanza hakijafukiwa. Kinaweza pia kukubaliana kwamba sehemu ndogo ya ushuru wa kila lori iwekwe katika mfuko wa kufukia. Mnunuzi naye asijitoe. Anayejenga nyumba au msikiti ana haki ya kuuliza mchanga huu umetoka wapi, kama anavyouliza nyama imechinjwa na nani.

Nafasi ya familia na msikiti

Wazazi waanze na lililo karibu. Wajue mashimo yaliyo njiani mwa watoto waendao shule, madrasa au machungani, na wawakataze kuogelea humo. Akina mama, ambao ndio wachotaji wa maji katika nyumba nyingi, wasiachwe nje ya mikutano inayoamua kuhusu mto, kwani wao ndio wa kwanza kuona maji yamebadilika rangi. Anayefanya kazi ya zebaki asiichome nyumbani wala jikoni, na asirudi na nguo za kazi penye watoto wachanga.

Kamati za misikiti nazo zinaweza kufanya jambo ambalo halihitaji mfadhili. Zichague shimo moja, kwa ridhaa ya serikali ya kijiji au mtaa, na kulisimamia kwa miaka mitano: mwaka wa kwanza kufukia, wa pili na wa tatu nyasi na miti, wa nne kukata majani kwa zamu, wa tano kufungua malisho kwa kuanza na wenye mifugo michache. Kitalu cha miche kinaweza kutunzwa na vijana wa madrasa. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba mti alioupanda Mwislamu, akala kutoka humo mtu, ndege au mnyama, huandikwa kuwa sadaka. Wengi tunatafuta sadaka yenye kuendelea baada ya kufa kwetu, na tunadhani lazima iwe jengo. Ukingo wa mto wenye nyasi, ambao mbuzi wa mjane anakula na ndege anatua, ni sadaka hiyohiyo.

Mlowo itaendelea kujenga, nasi tunaiombea iendelee. Itaendelea pia kuchimba. Tunachokiomba ni kwamba kila anayechimba ajue tangu siku ya kwanza kwamba anakopa, na kwamba wenye kumdai ni wengi: jirani, mfugaji, samaki wa Rukwa, na vizazi ambavyo havijazaliwa. Deni la mtu aliye hai hulipwa na yeye mwenyewe. Akifa nalo, hakuna awezaye kuwauliza samaki kama wamesamehe.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaohuisha ardhi, wala asitujaalie kuwa miongoni mwa wanaoifisidi. Amin.